Vipimo vya Chumba cha Nguo

Chumba changu cha nguo kina upana wa mita mbili na sentimita kumi, na urefu wa mita mbili na arobaini. Vipimo hivyo nilivijua kabla msingi wa nyumba haujachimbwa. Mchora ramani alipotuuliza tunataka nini, mume wangu alitaja sebule kubwa na baraza. Mimi nilisema nataka chumba cha nguo, cha kuingia mtu akasimama ndani, jirani na chumba chetu cha kulala. Mchoraji akauliza dirisha liwe upande gani. Nikamwambia hakina haja ya dirisha.

Nilikuwa na sababu zangu. Nimezaliwa ufukweni, upande wa Majita, mkoa wa Mara, katika nyumba ya vyumba viwili. Nguo zetu sote zilining'inia kwenye kamba iliyokatiza chumba kutoka pembe hadi pembe. Nje, hatua chache tu, dagaa walianikwa mchangani na juu ya mawe, na upepo ulipogeuka harufu yao iliingia dirishani ikakaa kwenye nguo. Sisi hatukuisikia. Niliijua siku niliyofika bwenini kidato cha kwanza. Msichana aliyepangiwa kitanda cha juu yangu aliinama, akanusa sanduku langu, kisha akahamisha godoro lake bila kusema neno. Ukubwani nikapata kazi ya samaki tena, mjini Mwanza: mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara. Kutwa koti jeupe na buti za mpira. Kwa hiyo nilipojaliwa kujenga Buswelu, mbali na maji, nilitaka chumba kimoja ambacho harufu haiingii, wala vumbi la barabarani, wala jua la kupausha nguo.

Tulihamia nyumba ikiwa bado, kama wengi wanavyofanya. Sebule ilikuwa tayari, chumba cha watoto, chumba chetu, na kile chumba kidogo, kwa kuwa kilipakana na choo na fundi alikipiga lipu na sakafu kwa mkupuo mmoja. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa matofali matupu, bila dari. Mlango wa chumba kidogo wakati huo ulifungukia koridoni. Baadaye tungeuziba na kutoboa mwingine kutokea chumbani kwetu. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani.

Kabla hatujafika huko, mama mkwe aliteleza akaanguka karibu na kisima, kijijini kwao ng'ambo ya Busisi, akavunjika nyonga. Mume wangu alikwenda kumchukua. Walivuka na kivuko, yeye akiwa amelazwa nyuma ya gari juu ya magodoro mawili. Hospitalini walimfanyia walichoweza, kisha wakasema apumzike karibu na mji kwa ajili ya kliniki. Hakuwa anaweza kutembea zaidi ya hatua nne tano, na chumba kilichokuwa karibu na choo kilikuwa kimoja.

"Kwa muda tu," mume wangu akasema.

"Kwa muda tu," nikakubali, na nilikubali kwa moyo mweupe.

Tulinunua kitanda cha futi tatu na nusu tukakisukuma hadi ukuta wa mwisho, ule wa nje. Alikaa humo miezi kumi na minne.

Alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Kwao wanaongea Kizinza, na Kiswahili chake kilichanganya r na l, hivyo badala ya kulala yeye alisema kurara. Alinibariki kila nilipomsogezea sahani. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na usiku na mchana vilianza kumchanganya. Wiki ya tatu au ya nne aliniambia, "Mwanangu, humu ndani sijui kama kumekucha."

Mume wangu alisema tumwite fundi atoboe dirisha dogo. Ni kazi ya siku moja.

Nilisema tusubiri mvua ziishe. Mvua zilipoisha nilisema tukitoboa bila mpango tutaharibu lenta, ule mkanda wa zege unaobeba ukuta wa juu. Ukweli ni kwamba ukuta ule wa mwisho, mita mbili na kumi, ndio niliokuwa nimeupangia magauni marefu. Kabati za kuta mbili za pembeni zingekuwa na kina cha sentimita sitini kila moja, maana nguo ikiwa kwenye hanga inahitaji sitini ili bega lisibanwe. Katikati ingebaki njia ya tisini. Palipobaki pa kutundika gauni la kwaya au la sare za harusi bila kulikunja pindo ni ule ukuta wa mwisho. Dirisha lingeukata katikati. Nilikuwa na mama mzima kitandani, na kichwani nilikuwa nikilinda mahali pa kutundika magauni.

Nikanunua saa ya ukutani badala yake. Hakuiona. Nikaweka taa yenye mwanga mkali. Akasema taa haimwambii kitu, taa inawaka wakati wowote.

Basi akawa anauliza. Ukuta kati yetu haukuwa umezibwa vizuri chini ya dari, na sauti yake ilipita hapo kama vile amekaa miguuni petu.

"Kumekucha?"

"Bado, mama."

Au, "Kumekucha, mama, nakuja."

Siku za kazi mume wangu alikuwa anaamka saa kumi na moja kwenda shuleni anakofundisha, na mimi muda mfupi baadaye nilipanda gari la kiwanda. Kulikuwa na binti wa kazi aliyemhudumia mchana. Jumamosi binti alikwenda kwao, watoto walikuwa bweni, na mume wangu mara nyingi alikuwa na masomo ya ziada. Jumamosi nilikuwa peke yangu na mama, na wiki nzima ya kusimama kwenye sakafu yenye barafu ilikuwa magotini.

Jumamosi moja alipouliza, ilikuwa saa mbili kasoro. Jua limeshapanda, kuku wa jirani wako barabarani. Nilisema, "Bado, mama. Lala."

Nilisikia akijigeuza kitandani. Kisha akasema, "Haya. Ngoja nirare."

Nililala hadi saa tatu. Nilipompelekea uji nilimwamkia shikamoo kama vile ndiyo alfajiri, akaitika marahaba, akaupokea uji, hakuuliza kitu. Nilijiambia ni mara moja tu. Jumamosi iliyofuata nikafanya tena. Nyingine nilimwambia ukweli, nyingine sikumwambia. Sikuzihesabu, na ningependa kusema zilikuwa chache.

Siku aliyofariki ilikuwa Jumamosi. Aliuliza yapata saa mbili na nusu.

"Kumekucha?"

"Bado, mama. Lala kidogo."

"Haya. Ngoja nirare."

Niliamka karibu saa nne. Nilichemsha uji wa ulezi, nikaweka na maziwa kama alivyopenda, nikafungua mlango. Alikuwa amegeukia ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa kidogo, kiganja kimegusa lipu, na ulikuwa umeanza kupoa. Niliuweka uji chini. Nakumbuka nilifikiria kwanza kwamba bakuli lisimwagike.

Mume wangu alirudi mbio. Hakuniuliza lolote isipokuwa, "Alisema nini mara ya mwisho?"

"Alisema anataka kulala," nikamjibu. Haukuwa uongo.

Tulimvusha na kivuko, nguzo za daraja lililokuwa likijengwa zikiwa zimeshasimama majini. Tukamzika kwao. Nguo zake zote ziligawiwa siku ya kumaliza matanga, na zilikuwa begi moja.

Chumba kilifungwa zaidi ya mwaka. Mimi ndiye niliyekaa na ufunguo. Siku nyingi, wakati wa kuamka, kabla akili haijanikaa sawa, nilimsikia akiuliza. Sisemi kwamba aliuliza. Nasema nilimsikia, kwa sauti ileile, kutoka juu ya ukuta, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshajibu. Mara mbili mume wangu aliamka akanikuta nimekaa kitandani nasema na ukuta. Aliniuliza nimeota nini. Nilimwambia samaki.

Yeye ndiye aliyeleta tena habari ya chumba cha nguo. Nadhani aliona ninavyopita koridoni nikiangalia upande mwingine, akafikiri ni majonzi, na kwamba kitu nilichokitamani siku nyingi kingeniondolea. Siku moja baada ya ibada alikaa mezani na karatasi ya miraba na penseli.

"Leta gauni lako refu kuliko yote," akasema.

Nikaleta. Tukalilaza kitandani, tukapima kutoka ndoano ya hanga hadi pindo: sentimita mia na hamsini na mbili. Akaandika bomba la kutundikia magauni liwe mita moja na sabini kutoka sakafuni, ili chini ibaki nafasi ya kupitisha fagio. Mashati na blauzi tukapima tukapata tisini, kwa hiyo upande wa kushoto tukapanga mabomba mawili, moja juu ya lingine. Upande wa kulia rafu za vitenge, kina cha sitini, na juu kabisa pa kuweka masanduku. Akachora mlango mpya kutokea chumbani kwetu, na ule wa koridoni akauziba kwa mistari ya penseli. Mkono wake ni wa mwalimu, mistari imenyooka. Niliangalia ramani ile, nikajua kitanda kilikuwa wapi ndani yake, kichwa upande gani na miguu upande gani, ingawa hakuwa amekichora.

"Umeridhika?" akauliza.

"Nimeridhika."

Seremala alikuja kutoka Buhongwa, mtu mzima, mpole, mwenye tepu ya kupimia iliyofutika namba mwanzoni, hivyo alianzia kupima kwenye kumi kisha akatoa kumi. Nilifungua chumba. Tulikuwa tumeshakipaka rangi mara mbili, nyeupe. Seremala alipima pembeni, akapima kwenye kona, akatikisa kichwa.

"Mama, kona hizi mbili zitakula nguo. Ukishatundika pembeni na ukatundika mwisho, za konani hutazifikia."

Mume wangu akasema tufupishe mabomba ya pembeni. Walizungumza hivyo kwa muda, sitini, tisini, toa tano ya unene wa mbao. Kisha seremala akapiga goti mbele ya ukuta wa mwisho na kupitisha kiganja juu ya lipu.

"Hapa rangi haikushika," akasema.

Ilikuwa kweli. Sentimita sabini hivi kutoka chini kulikuwa na doa la kimanjano, pana kama sinia ndogo, lililokuwa limepenya rangi zote mbili.

"Haya ni mafuta," seremala akasema. "Mafuta yakishaingia kwenye lipu, hata upake mara kumi yatarudi. Tutayafunika na mbao."

"Ni mafuta ya mgando," mume wangu akasema. "Mama yangu alikuwa anajipaka mikononi, ngozi ilikuwa inamkauka. Hapo ndipo alipokuwa anaweka mkono."

"Kwa kuegemea?"

"Hapana. Kwa kujua saa." Alisema kama mtu anayesimulia jambo la kufurahisha la mama yake. "Ukuta huu unatazama mashariki. Alikuwa haoni, lakini alisema usiku ukuta unakuwa baridi kama jiwe la mtoni, na jua likishaupiga unaanza kupata uvuguvugu. Alikuwa anaupapasa. Aliniambia mwenyewe, hahitaji dirisha tena, ameshajua kusoma ukuta."

Seremala akacheka kidogo kwa heshima. "Wazee wana akili."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikashika fremu. Nilikuwa nahesabu. Sikuhesabu nguo. Nilihesabu Jumamosi zile, saa mbili, saa mbili na nusu, ukuta umeshaanza kupata joto chini ya kiganja chake, na mimi upande wa pili nasema bado. Alikuwa anajua. Kila mara alikuwa anajua, na bado alikuwa anauliza, na nikishajibu alikuwa anasema haya.

Seremala alipoondoka nilimwambia mume wangu akae. Akakaa ukingoni mwa kitanda chetu, tepu yetu bado mkononi.

"Alikwambia lini habari ya ukuta?" nikamuuliza.

"Zamani. Hata miezi mitatu hakuwa ameimaliza humu. Kwa nini?"

"Na kuhusu mimi alikwambia nini?"

Akafikiri. "Alisema unachoka sana. Alisema Jumamosi nisikuamshe nikiwa natoka, nikuache ulale. Alisema yeye mwenyewe hana haraka ya uji."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka ile ya mwisho. Sikulia, ningelia ingekuwa kama namwomba anihurumie. Alisikiliza huku akivuta tepu kidogo na kuiachia irudi.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Sijui. Jumamosi nyingi."

"Na siku ile?"

"Na siku ile."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Akainuka, akaweka tepu mezani, akatoka nje. Nilimwona dirishani akimwagilia migomba ambayo mvua ilikuwa imeinyeshea asubuhi hiyohiyo. Siku tatu tulizungumza ya chakula na ya ada za watoto tu. Siku ya nne nilimwambia nimebadilisha mawazo, nataka ukuta ule utobolewe dirisha, magauni nitayakunja.

Akaichukua ile karatasi ya miraba mezani.

"Dirisha la nini sasa?" akasema. "Aliyelitaka hayupo. Wewe ulitaka chumba cha nguo. Weka nguo."

Hakuyasema kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Aliikunja ile karatasi ya miraba mara mbili, akampigia seremala simu, akamwambia aendelee kama tulivyopima.

Ndivyo kilivyojengwa. Fundi wa tofali aliziba mlango wa koridoni akapiga lipu juu, akatoboa mwingine kutokea kwetu. Seremala akafunika ukuta wa mwisho kwa mbao za mninga, akapandisha bomba kwenye mita moja na sabini. Kazi ni nzuri. Wanawake wa kwaya walikuja kukiona, wakashika milango, wakauliza namba ya fundi. Magauni yangu hayagusi chini. Nayo hayanuki samaki, ingawa siku hizi huingia nikasimama katikati ya ile njia ya sentimita tisini nikinusa, na ninachotafuta si samaki.

Mume wangu hajalirudia jambo lile. Tunaishi vizuri. Anacheka nami, ananiletea ndizi za kuiva akitoka shule. Sijui kama alinisamehe au aliliweka mahali. Ile sauti nayo haijaacha kuja. Nikiwa ndani ya chumba asubuhi, mlango umejifunga nyuma yangu na taa inawaka, kuna wakati nasahau kweli kama ni alfajiri au ni usiku, na hapo ndipo inapouliza. Huwa naitika kwa sauti, "Kumekucha, mama." Hakuna anayesema haya.

Mwaka huu wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kututembelea. Alivuka kwa daraja jipya, akasema safari imekuwa fupi hata hakupata muda wa kusinzia. Mama yake alipokuwa mgonjwa yeye alikuwa na ujauzito wa shida, kisha kichanga, na hakuweza kusafiri, na msiba aliukuta kijijini. Hakuwahi kuona mahali mama alipokuwa akilala. Tulipomaliza kula, kaka yake akiwa bado shuleni, aliniambia, "Wifi, nionyeshe chumba cha mama."

Nilimwongoza hadi mlango wa chumba chetu, nikaufungua. Alisimama kizingitini, akaona kitanda chetu, na nyuma ya kitanda milango ya mninga.

"Ni kile," nikasema. "Karibu, pita."

Hakupita. "Siwezi kupita kitandani kwa kaka yangu, wifi. Hakuna njia nyingine?"

"Ilikuwepo. Tuliiziba."

"Ilikuwa wapi?"

Nikampeleka koridoni, karibu na mlango wa choo, nikamwonyesha ukuta. Kwa anayejua, mlango ule bado unaonekana, lipu mpya imetofautiana kidogo na ya zamani. Aliuangalia. Alifungua kanga yake kiunoni, akaitandika sakafuni, akakaa akiuelekea ule ukuta, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake msibani. Akaanza kusali kwa Kizinza, taratibu. Sikielewi, nilisikia neno la mama tu.

Nikaenda kupika chai. Nilirudi na vikombe viwili, nikakaa naye palepale chini, tukanywa. Mume wangu aliporudi aliingia koridoni akatukuta hivyo. Alisimama na daftari zake kwapani. Wifi hakugeuka. Mume wangu akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, kisha akarudi alikotoka, akazungukia mlango wa jikoni.